Vyuma Arubaini na Vinne

Mwaka 1999 Ghaliya alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Alhamisi, siku ambayo shule hufungwa, alimsaidia baba yake kazi ndogondogo uani kwao, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Baba yake, Bwana Thabit, alikuwa fundi wa kuchimba mitaro ya mabomba. Alikuwa na mashine ndogo ya kuchimbia, waiitayo kijiko, isiyotembea kwa matairi bali kwa mikanda miwili mipana ya mpira, mmoja kila upande. Dereva wake alikuwa Audax, mwanamume mpole aliyevuka bahari kutoka Bukoba kutafuta kazi.

Alhamisi moja mkanda wa kushoto ulikatika. Audax aliuvua, akauacha umekunjwa uani, kisha akaenda Azaiba kumweleza Bi Shariffa, aliyekuwa akichimbiwa mtaro, kwamba kazi itachelewa.

"Mwanangu, ndani ya mkanda ule mna vyuma vimejipanga kama meno," Baba alimwambia Ghaliya. "Nambari yake imefutika, na dukani lazima wataniuliza vingapi. Vihesabu vyote. Nnaoga, kisha tutakwenda pamoja."

Jua lilikuwa kali. Ghaliya alipougusa mpira ulimuunguza vidole. Upande mmoja wa mkunjo ulikuwa juu, meno yake yakionekana. Upande wa pili ulikuwa chini, meno yamelala mchangani. Alihesabu ya juu: ishirini na mawili. Kuugeuza mkanda mzito namna ile aliona tabu. "Umekunjwa katikati, nusu ni nusu," alijiambia. Akazidisha mara mbili, akaingia ndani kwenye baridi.

Duka la vipuri lilikuwa Wattaya. Muuzaji, Salem, aliwatolea mikanda miwili mipya iliyofanana kama mapacha.

"Huu una vyuma arubaini na viwili," alisema. "Huu arubaini na vinne. Upana ni mmoja. Wako ulikuwa upi?"

Baba alimgeukia binti yake. "Ulipata vingapi?"

"Arubaini na vinne."

"Una hakika? Umehesabu vyote?"

Ghaliya alitazama chini. Angeweza kusema kwamba hakuugeuza mkanda. Lakini Salem alikuwa akimtazama, na aliona haya.

"Nna hakika, Baba."

Wakauchukua ule mrefu. Jioni Audax aliufunga, akaubonyeza kwa kiganja. "Arbab," alimwambia bosi wake, "naona umelegea."

"Ukaze," Baba alijibu. "Vyuma vimehesabiwa."

Audax aliukaza mpaka mwisho. Asubuhi ya Jumamosi, Ghaliya akiwa shule, Audax alirudi kwenye mtaro wa Bi Shariffa. Alipokigeuza kijiko penye mteremko, mkanda ulichomoka. Mashine ikalala upande, naye akatupwa chini na kuvunjika mkono wa kulia.

Ghaliya alizipata habari hizo kwenye chakula cha mchana. Baba hakuwa amegusa wali wake.

"Kageuza kwa pupa," alisema. "Mashine ile naijua. Mkanda mpya hauchomoki hivi hivi. Akipona nitamkatia tiketi arudi kwao, nitafute dereva mwengine."

"Thabit, mtu kavunjika mkono," alisema Mama, Bi Masouda. "Na ana watoto wanne wanamtegemea."

"Ndiyo hayo. Angewafikiria wao kabla ya kukimbiza mashine."

Ghaliya alilirudisha tonge sahanini. Aliomba ruhusa, akatoka uani. Mkanda wa zamani ulikuwa palepale. Alitafuta nondo, akaunyanyua kidogo kidogo, jasho likimwingia machoni, mpaka ukafunguka wote. Kisha akaanza upande mmoja, akiweka alama ya chaki kwenye kila chuma. Vikafika arubaini na viwili. Akarudia akitokea upande wa pili. Arubaini na viwili. Haukuwa umekunjwa katikati sawasawa: juu ishirini na viwili, chini ishirini tu.

Alikaa kando ya mkanda. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Audax angeondoka, na mkanda huu ungetupwa. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko hasira za baba yake. Akainuka, akaingia ndani.

"Baba, si kosa la Ami Audax," alisema. "Sikuhesabu vyote. Nilihesabu nusu, nikakisia nusu. Vilikuwa arubaini na viwili."

Baba alitoka, akahesabu mwenyewe. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Ghaliya alisubiri kugombwa, lakini Baba alisema tu, "Vaa viatu."

Walimkuta Audax amelala chumbani kwake, mkono umefungwa plasta. Ghaliya alimweleza yote huku akilia. Audax aliitazama plasta yake.

"Mkono huu ndio unaolisha wanangu, Ghaliya," alisema. "Nilidhani nimekosea kitu, nikawa najiuliza ni kipi."

"Uliniambia umelegea, nami sikukusikiliza," Baba alisema. "Kosa langu ni kubwa kuliko la mtoto. Nisamehe. Kazi yako ipo, na mshahara wako utaendelea mpaka upone."

Kesho yake, baada ya shule, walirudi Wattaya wakaubadilisha mkanda. Safari hii Baba na Ghaliya walihesabu pamoja, mmoja akitokea huku, mwengine kule, kabla ya Salem kuupakia garini. Fundi mwengine aliufunga, ukakaa sawasawa. Lakini mkono wa Audax ulichukua miezi miwili kupona, na kila siku Ghaliya alipompelekea chakula alimwona akijifunza kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto.

Siku moja alimwuliza kama bado ana hasira naye.

"Hasira imekwisha," Audax alijibu. "Kukosea hesabu kila mtu hukosea, hata mimi. Kilichoniumiza ni ile 'nna hakika' yako. Siku nyingine, usipojua, sema sijui. Watu watahesabu upya, basi. Neno 'sijui' halijamvunja mtu mkono."