Aliyegusa Wali wa Mlimani

Jogoo wa Gunsing aliwika alfajiri kama kawaida yake, akawika tena, na Lodima, mke wa Gunsing, alipomshika amfunike kwa tenga akamwona mwepesi kama ganda la yai. Manyoya yapo, macho yapo, kishungi kipo. Akamtikisa. Ndani kukasikika maji yakicheza.

Mimi majini nimeyaona mengi, na mengine yamenikimbia, ila hili sikulifuata.

"Huyu kuku kala nini?" Lodima akauliza.

Gunsing akainua pua. Alikuwa amenusa harufu, tamu, kama asali iliyomwagikia mzoga. Kazi yake ni kutembeza wageni mlima wa Kinabalu, kwa hiyo aliijua. Ni ya vyungu vya nyani, ile mimea ambayo jani lake huning'inia kama mtungi wenye kifuniko. Mdudu huja kulamba utamu wa mdomoni, anateleza, na maji ya ndani yanamla taratibu mpaka abaki ganda. Wageni huparamia mawe kutwa nzima ili wauchungulie mmoja tu.

Jioni ikawa zamu ya mbwa. Alibweka vizuri, mkia ukacheza, lakini upepo ulimsukuma hadi ukutani. Na asubuhi yake, kwenye mkeka, karibu na kichwa cha binti yao mdogo Sualin, palikuwa na alama ya kidole kilicholowa.

Lodima akakimbia kumwita mama yake, Ginimbun, mganga aliyeongea na mlima vizuri kuliko alivyoongea na mkwewe.

"Umegusa nini huko juu, mkwe?"

"Sijagusa kitu."

"Haya. Mimi narudi kwangu."

"Mama, ngoja." Gunsing akamzibia mlango. "Kulikuwa na bibi, pale penye miti yenye ndevu. Amepakata chungu cha nyani, ndani kina wali. Akaniambia, karibu mjukuu wangu. Nimeshiba, nikagusa kwa kidole. Sasa ningefanyaje? Mimi nimelelewa."

Kwetu ukikaribishwa chakula usipokigusa hata kwa ncha ya kidole, nyoka au jiwe litakudai mbele ya safari. Na kwetu hukohuko, kilichopikwa juu ya mawingu hakiguswi. Sheria mbili zikakutana kwenye kidole cha mtu mmoja.

"Umelelewa nusu," Ginimbun akasema. "Bibi gani anapika kusiko na moshi? Lile ni jini la mlima. Umegusa chake, naye anagusa vyako. Kaanza na kuku, kaja kwa mbwa. Anapanda daraja."

Lodima akamvuta mtoto. "Mfukuze, mama."

"Uliyekula naye hafukuzwi, anashibishwa. Mwenye nyumba amwambie aguse nini, akigusa ataondoka. Asipoambiwa atachagua mwenyewe. Na mimi msinitazame, nimeshakauka, hatanitaka."

Kama alisema kweli, anajua mwenyewe. Lakini alimkagua mkwewe kama mtu anayechagua mbuzi.

"Naona umefurahi, mama," Gunsing akasema.

"Sijafurahi. Ila huyu binti nilimwambia aolewe na fundi redio."

Ukungu ulishuka mchana uleule, ukapenya kwenye nyufa za mbao, harufu ikatangulia, zikafuata nyayo zilizolowa zikipanda ngazi bila ngazi kulia, zikasimama mlangoni, zikakohoa kwa adabu, na Sualin akageuza uso upande ule akatabasamu, akanyoosha mikono apakatwe, na Lodima akambana kifuani hadi mtoto akalia, na Gunsing akajikokota akaketi kizingitini kabla kile kitu hakijavuka.

"Hodi, mjukuu wangu."

"Karibu, bibi," akanong'ona. "Niguse mimi. Humu hamna kingine."

Kidole kimoja kirefu kikatoka ukunguni, kikamgusa paji la uso, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Ginimbun akatikisa njuga zake za shaba. Ukungu ukajikunja ukarudi juu, nyumba ikabaki na harufu ya kuni tu. Gunsing akajipapasa, akacheka.

"Kumbe ni hivyo tu? Nipeni chai."

Usiku Lodima aliegemea kifua cha mumewe, kikabonyea, kikalia maji. Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akamlaza tena polepole asimwamshe.

Jini halijarudi. Gunsing bado anatembeza wageni, hatweti, wanamsifu kwamba hana mfano kwa kuonyesha maua ya mlima. Akilala mchana kinywa wazi, nzi huingia. Lodima hukaa pembeni akisubiri watoke. Hawatoki.

Juzi aliingia kutoka jikoni akamkuta Sualin amepanda juu ya baba yake aliyelala, ameinamia kile kinywa, anajilamba kidole.

"Shuka, mwanangu," akanong'ona. "Shuka taratibu."

"Ngoja, mama." Mtoto akachovya tena, mkono ukazama hadi kwenye kifundo. "Huku chini ni tamu zaidi."