Spika Iliyotemewa Mate

Mpaka leo, mtu akikohoa mezani, rafiki yangu Nzuki huacha chakula. Ni fundi wa redio pale Mukuyuni, na kisa chenyewe ni Peugeot kuukuu ya Muli.

Muli alitaka deki ya kaseti iunganishwe na ile redio iliyokuja na gari, ili kwaya isikike kwenye harusi ya dada yake.

"Lakini fundi, hiyo spika ya dashibodi usiifute," akaonya. "Nilipolinunua gari, marehemu mama aliitemea mate ya baraka, na ugoro wake mdomoni."

"Baraka gani hii? Ni uchafu, bwana!" akasema Nzuki. Muli alipovuka barabara kununua ndizi, akaisugua spika kwa petroli.

Kisha akatoa betri, akalala chali chini ya dashibodi, akawa anapapasa waya gizani. Ndani ya spika koo likakwaruza. Likavuta polepole, kama kikongwe anayekusanya makohozi.

"Muli?"

Ptuu!

Kitu kizito kikamwingia kinywani. Nzuki akakurupuka, akatapika mlangoni. Yalikuwa makohozi, yamechanganyika na ugoro, na bado yalikuwa ya moto.