Kila Mmoja na Karatasi Yake

Ijumaa asubuhi, katikati ya msongamano wa soko la Newcastle, Hazel aligongana na Rory mbele ya meza ya samaki. Miezi minane tangu waachane, na bado Rory kavaa lile koti la kijani ambalo Hazel alimnunulia! Moyo ukamlipuka.

"Hazel, kipenzi. Mbona umekonda?"

"Na wewe mbona umenenepa? Nani anakupikia?"

"Chipsi za dukani." Rory akacheka, kisha uso ukamnywea. "Wale wetu watatu... maabara wamekuandikia?"

Watatu hao ni viinitete vyao, yaani mimba changa mno zilizotungwa kliniki na kugandishwa. Mimba ya kwanza ilipoharibika, kila mmoja alipewa fomu yake ya ruhusa, maana sheria ya Uingereza hairuhusu mtu kumsainia mwenzake. Kila mmoja akasaini kivyake kuwatoa kwa watafiti.

"Uniulize mimi? Wewe ndiye uliyewachoka!"

"Mimi? Si ulisema hutaki hata kuwasikia?"

"Nilikuwa nalia, Rory! Nami nikasaini nilipoambiwa wewe umeshasaini."

Wakatazamana. Ruhusa hufutika, hilo Hazel alilijua. Ila kiinitete kikishaingia kwenye utafiti, basi tena. Akapiga simu kliniki palepale. Rory akaishika simu katikati ya masikio yao wawili.

"Subiri niangalie, Bi Charlton," akasema mama wa maabara.

Wakasubiri. Muuza samaki alikuwa akinadi kamba kwa sauti, na Hazel akatamani kumziba mdomo.

"Viwili viliyeyushwa Jumatatu. Viligandishwa vikiwa na siku tano, kwa hiyo leo vimefika siku ya tisa ya umri wao. Havirudi tena, samahani sana. Ikifika ya kumi na nne, sheria inatulazimu tuvisimamishe visikue tena."

"Na wa tatu?"

"Kimepangwa leo mchana."

"Usikiguse!" Walipiga kelele wote wawili, soko zima likageuka.

"Basi nileteeni maandishi sasa hivi. Mmoja wenu akifuta ruhusa yake, inatosha."

Rory aliandika barua pepe huku kidole kikikosea kila herufi. Jibu lilipokuja, Hazel aliogopa kulitazama.

"Soma wewe."

"Kimebaki kwenye barafu, mpenzi. Kipo."

Hazel akamwegemea kifuani, akawalilia wale wawili bila kujali watu.

"Siku yao ya kumi na nne ni Jumatano," akasema. "Naogopa kuwa peke yangu siku hiyo."

"Nitakuja Jumanne."

"Njoo leo."