Ingia, Nipo

Kila asubuhi dobi alifungua mlango, akafagia, akajaza ndoo zake maji, akachomeka pasi. Kisha alikaa akasubiri. Pasi ilipata moto bure. Nguo za kupiga hazikuwepo.

Zamani duka hili halikujua kimya. Mke wake alikaa mbele, mezani, na mdomo wake haukupumzika. Alimjua kila mteja na shati la kila mteja. Dobi alikuwa nyuma, anafua na kupiga pasi. Si mtu wa maneno. Miaka yote ile mke ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Alipofariki, duka lilifungwa kwa msiba. Dobi alipolifungua tena, wateja walikuwa wameshazoea kupeleka nguo kwingine.

Binti yake alimpigia simu kila jioni.

"Baba, njoo ukae na sisi. Duka lenyewe halina mtu."

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi, mwanangu. Wateja wakirudi, nabaki. Wasiporudi, nakuja."

La moyoni hakulisema. Kwa binti angekula vizuri na kulala vizuri. Lakini ni hapa, kwenye meza hii, alipobakiwa na mke wake. Akilifunga duka, atakuwa amempoteza mara ya pili.

Basi akaamua kuandika tangazo. Alikaa na karatasi na kalamu nyeusi ya wino mzito, akakunja uso, akatafuta maneno makubwa makubwa. Akayapata.

"TANGAZO KWA UMMA. Uongozi wa duka hili unapenda kuwaarifu wateja wetu watukufu kwamba, kufuatia mabadiliko yaliyojitokeza, huduma zetu za usafi wa mavazi zinaendelea kutolewa kwa viwango vya hali ya juu. Tunasikitika kwa usumbufu wowote."

Alilibandika mlangoni, akarudi nyuma, akalitazama. Lilimpendeza. Lilikuwa zito kweli kweli.

Watu walipita, wakasimama, wakasoma juu juu, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Mama mmoja aliingia na mfuko wa nguo. Moyo wa dobi ukaruka.

"Pole, baba," alisema yule mama. "Ndiyo wamekufungia duka? Au kuna msiba mwingine?"

Akampa mkono, akatoka na mfuko wake kabla dobi hajamweleza. Dobi akakaa chini. Upweke alikuwa ameuzoea, lakini sasa alikuwa anapewa na pole juu yake.

Mchana jirani yake alivuka barabara, vidole vimejaa rangi. Kazi yake ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo alimwita dobi shemeji.

"Shemeji, hili tangazo kakuandikia nani? Hakimu?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Mbona hamna neno lako hata moja? Uongozi ndiyo nani?"

"Mimi."

"Na usafi wa mavazi?"

"Kufua nguo."

"Sasa si useme kufua nguo. Mtu anapita ana haraka zake. Akiona 'tunasikitika', anajua umefungiwa. Hamalizi kusoma."

"Nilitaka lionekane la heshima."

"Heshima ni mtu akusome akuelewe mara moja. Na usiandikie umma. Umma hauleti shati hapa. Mfikirie mteja mmoja. Nani alikuwa anakuja?"

Dobi akawaza. "Yule nesi. Akitoka zamu hana nguvu za kufua sare."

"Haya. Kasimama hapo mlangoni. Unamwambiaje?"

"Mimi sijui kusema, shemeji. Aliyekuwa anasema ni…"

"Najua. Leo useme wewe. Mimi naandika."

Dobi aliitazama meza. Akasema polepole, "Umechoka, na nguo ni chafu. Niachie. Leta leo, kesho asubuhi utazikuta zimefuliwa na kupigwa pasi."

"Umeona? Umeanza na shida yake. Halafu ukasema utamfanyia nini, na lini. Sasa mwambie na yeye afanye nini."

"Aingie tu. Tupo."

Kalamu ikasimama. "Mpo, shemeji? Wewe na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Tangu amzike mkewe, dobi alikuwa bado anasema "tupo", "tunafunga", "tunafungua". Alikitazama kiti cha mkewe nyuma ya meza. Mchora vibao hakumharakisha. Naye alimkumbuka rafiki yake, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nipo," dobi alisema mwishowe. "Andika nipo."

"Sasa soma yote kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, hapo pana neno la kuazima. Litoe."

Alisoma. Ulimi haukujikwaa. Mchora vibao akayaandika kwenye ubao, kwa herufi kubwa za buluu: "Umechoka na nguo ni chafu? Niachie mimi dobi. Leta leo, kesho asubuhi utazikuta zimefuliwa na kupigwa pasi. Ingia, nipo." Maneno hayo hayo dobi aliyatuma kwenye kundi la mtaa kwa simu.

Wa kwanza kuingia alikuwa nesi mwenyewe.

"Kumbe upo," alisema, akaweka sare mezani. "Mimi nilijua umehama." Kisha akakitazama kiti kitupu. "Mama alikuwa haniachii niondoke bila kuniuliza habari za zamu."

Dobi alizishika zile sare.

"Habari za zamu?" akauliza.

Nesi akamsimulia. Baada yake wakaja wengine, kidogo kidogo, mpaka ndoo zikawa hazitoshi. Jioni, akifunga mlango, dobi bado aliiaga ile meza kimya kimya.

Mwisho wa mwezi simu ililia mapema.

"Baba, umeamuaje? Nije nikuchukue?"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," alisema dobi. "Hapa kuna mtu."