Kitambaa cha Watu wa Mlimani

Siku Loyi alipomwona Kakule kwa mara ya kwanza, Kakule alikuwa amesimama juu ya robota la vitenge katikati ya soko la Kasese, anadanganya watu mchana kweupe, na watu wanafurahi. Ilikuwa mwaka 1974, askari wakitawala nchi, miaka ambayo mtu alicheka huku akiangalia ni nani mwingine anacheka.

"Njoni, ba mama! Hii kitambaa ni ya Batu ba Ziwa! Maji ikiiona, inakupisha! Unavuka mpaka ngambo, viatu mukavu!"

Loyi alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mweusi wa kung'aa. Gauni lake la bluu lilishuka chini ya magoti kama serikali ilivyotaka, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni. Alishika pindo la kitenge hicho, akaligeuza, akalinusa.

"Hii imetoka Butembo," akasema kwa sauti. "Ukifua mara moja, rangi yote inabaki kwa beseni."

Soko likaangua kicheko. Kakule akaruka chini, kijana mrefu mwenye shati la maua na suruali pana miguuni. Alikuwa Mkongo, mtu wa Beni, alivuka mpaka wakati wa vita vya kwao akaweka makao Bwera, upande huu.

"Bibi fundi, unabomoa inchi yangu."

"Nchi gani?"

"Ile natengeneza mwenyewe. Iko na makabila mingi, na kila kabila naipatia kitu yake ya ajabu. Batu ba Chini ya Udongo beko na nguo ya shaba. Mutu akisema uongo karibu nayo, inapata moto."

"Basi wewe ungeshaungua zamani."

Kakule alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa kichaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yake: kila ua la kitenge alilipatia kabila, na wanawake wa Bwera walinunua kwanza hadithi, kitambaa baadaye. Lakini tangu siku ile alianza kupita kwenye baraza alikoshonea Loyi kila alipofika Kasese, na alipokuwa kwao Bwera alipiga simu kwenye duka la jirani, la mzee Badiru.

"Loyi! Bwera iko kwa simu!" Badiru alikuwa akiita, mtaa mzima unasikia.

"Halo, sheri, mupenzi yangu. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mi nakula sauti yako."

"Basi utakufa njaa."

"Sikia. Batu ba Chumvi. Nataka kuwavalisha uzi ya chumvi."

"Uzi ya chumvi itakula sindano. Tena wakilia? Machozi itayeyusha gauni, wabaki uchi."

"Basi hii kabila hailie."

"Hakuna kabila hailii, Kakule. Wafundishe kulia wameinama."

"Wewe mwanamuke," Kakule akasema taratibu, "inchi hii itakuwa yetu wawili." Loyi alirudi kwenye cherehani yake akashona mikono ya shati mahali pa kola, na hakujali. Alikuwa amempenda.

Jioni moja simu ikaja tena.

"Sheri, imebaki kabila moja. Batu ba Mlima. Wateja beko nauliza kila siku. Sasa wewe uko mutoto ya huku. Niambie: mutu akiishi juu kule kwa ukungu, anavaa nini, askari asimuone? Na njaa ikimushika, anashukia wapi?"

Loyi akageuka kutazama dukani. Badiru alikuwa akipanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Mimi sijui mambo ya mlima," akajibu, akakata.

Alikuwa na sababu. Kaka yake wa pekee, Zedekia, alikuwa juu huko kwenye milima ya Rwenzori pamoja na waasi wanaoipinga serikali, na kila aliyeuliza, Loyi alimwambia amekwenda Kampala kutafuta kazi. Neno moja likiponyoka, Zedekia angeuawa. Usiku huo aliyapanga yote upya kichwani. Kakule ni mtu asiye na kwao. Anapita mpakani kila wiki na hakamatwi. Anaongea kila mahali, anasikiliza kila mtu. Na ni nani aliyemtuma kupenda fundi wa barazani, Kasese yote ilivyojaa wasichana?

Siku chache baadaye shangazi yake Marita akaja kutoka Muhokya, uso umekunjamana.

"Kuna mzee mmoja anazunguka kwetu. Anasema kama Mukongo. Aliuliza baba yako alikufa na nini, uko na ndugu wangapi, na huyo kaka yako analala wapi. Umefanya nini, mtoto wangu?"

Loyi hakulia mbele ya shangazi. Alilia baadaye, kisha akaosha uso, akaenda kwa Badiru na kupiga simu Bwera.

"Kakule, nisamehe ile siku. Nilikuwa nimechoka."

"Hakuna neno, sheri."

"Nina furaha tu. Kaka yangu Zedekia anakuja. Alhamisi mchana atakuwa Muhokya kwa shangazi."

"Kaka yako mwenyewe? Ni hakika?"

"Hakika."

"Muzuri. Muzuri sana. Usimwambie mutu mwingine."

Akakata haraka haraka, bila hata neno la mapenzi. Loyi akabaki ameshika simu. Mtego ulikuwa wake mwenyewe, na aliomba Mungu usinase kitu.

Alhamisi alijificha jikoni kwa Marita, akichungulia kwenye upenyo wa matete. Askari wakija, angalau angejua. Jua likapanda. Mara akaona watu wawili wanaingia uani. Wa mbele alikuwa mzee mwenye kofia na koti refu. Nyuma yake Kakule, amefunga tai, anavutana na mbuzi mkaidi. Akamfunga kwenye mti wa mparachichi.

"Hodi hapa," mzee akasema. "Mimi Asanasio, mushenga ya huyu kijana, natoka Bwera. Nilipita huku siku zile kuulizia ukoo, nikaona ni ukoo muzuri. Tumesikia mwenye mji iko leo. Baba ya binti hayuko, basi mbuzi ya kwanza tunaitoa kwa mukono ya kaka yake."

Loyi aliegemea ukuta. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni. Watu wa mwanamume huulizia kimyakimya, binti asijue, asije akaaibika wakigeuka njiani. Miaka ile ilikuwa imemsahaulisha kwamba mtu anaweza kuchunguza habari zako kwa nia njema. Akatoka jikoni, masizi usoni.

"Nimekudanganya," akamwambia Kakule. "Zedekia hayuko hapa. Yuko mlimani, na wale wanaotafutwa. Nilitaka kuona utaleta nani."

Kakule alitazama mbuzi, akamtazama yeye. "Ulifikiri mi ni mupelelezi?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanipenda?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniua."

Kabla hajajibu, Land Rover ya kijeshi ya doria ikakata kona kutoka barabarani na kusimama uani. Marita akatoka mbio ndani ya nyumba. Loyi akamgeukia Kakule, na wasiwasi wote ukamrudia kwa mpigo. Sasa alikuwa amemwambia kwa kinywa chake mwenyewe.

"We! Simama hapo!" askari akaruka chini. "Mukutano gani hii?"

"Ni ya mahari, afande," Kakule akasema.

"Mahari nani anapokea? Baba ao kaka ya huyu mwanamuke iko wapi?"

Kakule hakupepesa. "Shemeji iko Katwe, afande, nakata chumvi. Tumemungoja toka asubui. Chumvi imemukula miguu yote miwili, anatembea kama bata. Tena mukali! Jana alisema mbuzi ikiwa kondefu anaturudisha Bwera. Afande, angalia mwenyewe: hii ni kondefu?"

Askari alimzunguka mbuzi, akambinya mgongo. "Kondefu hapana," akasema akicheka. "Iko sawa kabisa."

Akafungua kamba, akamtupa mbuzi nyuma ya gari, wakaondoka naye. Vumbi likawafunika wote. Kakule akakaa chini na tai yake.

"Basi," Asanasio akanung'unika. "Mbuzi hakuna, kaka hakuna. Tungoje mwaka ingine."

"Nani amesema?" Marita akamrukia. "Hiyo mbuzi ilifungwa kwa mti wa nani?"

"Kwa mti wako, mama."

"Basi ilikuwa imefika. Wamemwiba mbuzi wa Zedekia, na hiyo ni hasara ya kwetu, si yenu. Mkwe, inuka uje ukule."

Kakule hakuinuka. Alikuwa akimtazama Loyi. "Na wewe?"

Loyi alipiga magoti, akampangusa vumbi usoni kwa pindo la gauni lake. Mwaka mzima, tangu Zedekia apande mlimani, hakuwa amemwamini mtu hata wa kumshikia mkasi.

"Ingia ndani," akamwambia. "Ukishakula nitakupa habari za kaka yangu. Sasa ni shemeji yako."