Mbeleko Chini ya Mnara

Zege la mnara wa Garsen lilinuka maziwa.

Si maziwa ya ng'ombe. Hayo sisi watu wa Tana tunayajua hata tukifumba macho. Yalikuwa maziwa ya mama, yale yanayokauka kwenye leso ya mzazi, matamu na machachu kwa pamoja. Chande aliisikia harufu hiyo asubuhi aliyorudi kazini kutoka Kinakomba, alikokwenda wiki mbili kumzika shangazi yake. Akainama juu ya karai, akanusa, akamuuliza Baya, fundi mwenzake wa Kigiriama, ni nani aliyemwaga maziwa kwenye zege.

"Maziwa?" Baya akacheka. "Ndugu yangu, hata chai tunakunywa kavu, nani atakupa maziwa ya kujengea?"

Wakacheka wote wawili, wakaendelea na kazi.

Mwaka ulikuwa 1956. Mzungu wa kampuni, ambaye mafundi walimwita Bwana Futi kwa kuwa salamu yake ilikuwa "futi ngapi leo?", alikuwa ameapa kusimamisha pale mnara wa maji wa futi mia moja na ishirini, jengo refu kuliko lolote lililowahi kujengwa Pwani nzima. Garsen, jamani! Mahali ambapo mtu akipanda juu ya paa la duka anaonekana amekwenda mbali. Guyo, mchungaji wa Kiorma aliyepitisha ng'ombe wake pale kila siku, aliuliza kama wanataka kumchungulia Mungu chumbani kwake. Na udongo wenyewe ulikataa. Ni mfinyanzi mweusi ule, mvua ikinyesha unakuwa uji, jua likiwaka unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Msingi wa kwanza ulizama. Wakachimba zaidi, wakaongeza nguzo na nondo. Wa pili ukazama, na wa tatu ukazama pamoja na mbao zake. Hapo ndipo Chande alipokwenda mazikoni. Aliporudi alikuta msingi wa nne umesimama imara, na kuta zimeshaanza kupanda.

"Mmefanyaje?" alimuuliza nyapara.

"Mungu amesaidia," nyapara akajibu, akatazama pembeni.

Nyapara huyo aliitwa Godhana, na ni lazima nieleze yeye ni nani, maana bila hivyo hamtaona ubaya wa jambo hili. Mama yake Godhana alikufa akimzaa. Mwanaarusi, mama yake Chande, wakati huo alikuwa na Chande mchanga mikononi; akamchukua yatima yule akampa ziwa la pili. Wakanyonya pamoja, wakakua pamoja, na kwa dini yetu wakawa ndugu kamili. Godhana ndiye aliyemtia Chande kazini. Godhana alikuwa na mke na watoto sita. Chande hakuwa na mke wala mtoto, aliishi na mama yake, na alikuwa mpole kupita kiasi. Mimi nikimlaumu kwa lolote, nitamlaumu kwa upole huo.

Basi mnara ukapanda. Ulikuwa wa mviringo, mtupu katikati. Mafundi walifunga mbao, wakamimina zege, likikauka wakazipandisha mbao futi nne na kumimina tena, na kila mara Chande aliteremsha timazi kutoka juu kuona kama ukuta umenyooka. Huo ndio uliokuwa ufundi wake. Walipofika futi arobaini, timazi ikaanza kumfanyia vituko. Kamba ilikuwa ndefu, risasi iliyofungwa mwisho wake nzito, upepo hakuna, na bado kamba ilining'inia upande. Chande akadhani ukuta umepinda. Akapima kwa pimamaji, ukuta umenyooka kabisa. Akahamia upande wa pili wa jukwaa kuteremsha upya.

"Chande," Baya akamwita polepole. "Hebu rudi uliposimama mwanzo."

Akarudi.

"Sasa nenda kule tena."

Akaenda. Baya alikuwa ameduwaa, jasho linamtiririka. Kule chini, ndani ya ule utupu, risasi ilikuwa inamfuata Chande. Akienda kushoto, kamba inainama kushoto. Akienda kulia, inainama kulia, taratibu, kama mtoto anayegeuza shingo kumtafuta mamaye.

"Mimi sijaona kitu," Baya akanong'ona, akaikunja kamba haraka. "Na wewe hujaona. Tuteremke, ndugu yangu. Saa sita hii."

Wazee wetu hawapendi saa sita ya mchana. Kivuli chako kinakuwa chini ya nyayo, huna pa kukitazamia, na majini wenye mahali pao hutoka wakati huo. Mafundi wengine walikuwa wameshateremka kula. Chande akashika ngazi, na kabla hajaweka mguu akasikia anaitwa kutoka ndani ya mnara, kutoka chini kabisa kulikokuwa na giza hata jua likiwa utosini.

"Chande wa Mwanaarusi."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Si sauti inayofanana nayo, ni yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa kohoni, na jinsi anavyolivuta jina mwishoni akiwa amechoka, na pamoja na sauti ikapanda ile harufu ya maziwa, nzito, vuguvugu, ikamjaa puani na kooni mpaka mate yakamtoka mdomoni bila kutaka, na mwili wake mzima, mwili wa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, ukataka kujikunja na kwenda. "Chande, mwanangu, njoo unyonye."

Akafungua mdomo kuitika. Baya hakuwa amesikia chochote, lakini aliuona uso ule, akaruka akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa saruji.

Na kutoka chini, kwenye kivuli walichopumzikia wafanyakazi, Godhana akapaza sauti: "Chande! Husikii mama anakuita? Mwitikie basi!"

Siku ile Chande hakuyatafakari maneno hayo. Alikuwa anatema saruji.

Baya ndiye aliyempeleka kwa Mbodze, mganga wa Kigiriama aliyehamia deltani miaka mingi. Mama mnene, mtulivu, alikuwa anamenya muhogo walipofika. Alimsikiliza Chande mpaka mwisho, kisha akauliza jina lake na jina la mama yake, kama waganga wote wanavyouliza. Alipolisikia akaacha kumenya.

"Kumbe ndiwe," akasema.

"Ndiye nani, mama?"

"Kijana, sitakuficha. Zindiko la mnara ule nimelifanya mimi. Jini wa pale alimtaka aliyeamrisha kuchimba, yaani nyapara wenu. Alikuja hapa analia, watoto wangu, watoto wangu. Nikamwambia anaweza kutoa badala, lakini awe aliyenyonya ziwa moja na yeye, na atolewe na mwenye ziwa. Mimi sichagui mtu. Naletewa, nafanya."

Chande akauliza: "Mwenye ziwa?"

"Alikuja mwenyewe, na mbeleko mkononi. Nyekundu, imeungua pembeni. Tuliizika chini ya msingi wa nne."

Aliijua. Nani asiyeijua mbeleko aliyobebewa? Iliungua siku mama yake alipoinamia jiko naye akiwa mgongoni, na hadithi hiyo alisimuliwa mara mia, kila mara mama akicheka na kuomba radhi.

"Mtoe," Chande akasema. "Mfukuze jini huyo. Nitakupa chochote."

"Nimtoe vipi, na mnara umeshasimama juu yake? Nitakupa neno moja tu, lishike. Atakuita saa sita, kwa sauti ya mama yako, kwa sababu ndiyo aliyopewa. Usiitike. Na kuitika si kwa mdomo tu. Ukiifuata sauti inakokuita, umeitika."

Alimkuta mama yake uani anapepeta mpunga. Hakumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alisema tu, "Mama, mbeleko yangu iko wapi?"

Mwanaarusi akauweka ungo chini. "Nani amekwambia?"

Laiti angeuliza kitu kingine. Laiti angesema imo sandukuni, imeliwa na mchwa, chochote. Lakini aliuliza hilo, na Chande akakaa chini mchangani.

"Ana watoto sita," mama akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zinasikia. "Alinishika miguu, Chande. Alinishika miguu akalia nao wote sita nyuma yake, na yule mdogo hajui hata kutembea. Nani angewalea?"

"Na mimi?"

"Wewe..." Akatafuta. "Wewe una mimi tu."

"Kwa hiyo nilikuwa rahisi."

"Mwanangu."

"Sema, mama. Mimi ndiye niliyekuwa rahisi kutolewa."

Hakukana. Alilia, alijipiga kifua, alimwomba Mungu amchukue yeye, na kwa hakika alikuwa anamaanisha, lakini hakukana. Halafu akasema, "Sitakuita tena kwa mdomo. Nikikutaka nitakuja nikushike bega. Ukisikia sauti yangu inakuita, ujue si mimi." Nalo hilo alilitimiza. Miezi minne walikaa nyumba moja wakiishi hivyo, mama anavuka ua kuja kumgusa bega mwanawe amwambie chakula tayari, mwana anainuka bila neno. Mtu akiniuliza kwa nini Chande hakuhama, nitamjibu kwamba nani angemtekea maji bibi yule? Godhana? Godhana hakukanyaga pale miezi yote hiyo.

Kazi ya mnara Chande aliiacha. Mnara ulipanda bila yeye, futi themanini, futi mia, Bwana Futi anapiga picha kila Jumamosi, watu wanakuja kwa mitumbwi kushangaa. Na kila saa sita sauti ilivuka mashamba ikamjia. Alijifunga kitambaa masikioni, akajishika kwenye nguzo ya nyumba mpaka jua lipinduke.

Kisha Mwanaarusi akashikwa na homa. Siku ya tatu alikuwa kitandani chumbani, Chande kibarazani anasuka mkeka, na ilipofika saa sita sauti ikamwita. Lakini haikutoka mnarani. Ilitoka chumbani.

"Chande. Mwanangu, maji."

Mikono ikaganda kwenye ukindu. Ni mama? Lakini mama aliapa hataita. Ni yule, basi, amesogea, ameingia nyumbani, yuko mle ndani kitandani pa mama yake anamngoja avuke kizingiti, na kama ni yeye basi hatua moja tu inatosha. Na kama si yeye, kama ni bibi mgonjwa asiyeweza kusimama kuja kumgusa mtu bega, basi anaungua kwa kiu hatua kumi kutoka kwenye mtungi, na mwanawe amekaa amemsikia. "Chande, ni mimi. Wallahi ni mimi mwenyewe." Jini naye angesema hivyo hivyo. Chande aliuma mkeka kwa meno, machozi yanamtoka, akakaa. Sauti iliomba maji mara saba, kila mara ndogo zaidi, kisha ikanyamaza.

Jua lilipopinduka aliingia. Mama alikuwa ameanguka sakafuni, mkono mmoja umenyooshwa mlangoni, mdomo mkavu. Alikuwa ameshapoa.

Walimzika siku hiyo hiyo. Godhana alikuja na watoto wake sita, akalia kuliko wote, akapewa pole kuliko wote. Chande alikaa pembeni, hana chozi.

Kesho yake saa sita, kutoka mnarani, sauti ikaita. Haikusema tena njoo unyonye. "Chande," ilisema. "Mwanangu, maji."

Ilisema hivyo siku tisa. Siku ya kumi Chande alioga, akavaa kanzu ya Ijumaa, akateka maji kwenye kata mpya, akaibeba kwa mikono miwili katikati ya jua kali, akipita taratibu yasimwagike. Guyo alimsalimu njiani, hakujibu. Mnara ulikuwa umekamilika wiki ile, na chini yake palikuwa na mlango mdogo wa chuma. Mwenye ufunguo alikuwa nyapara.

Godhana alimwona akija. Aliiona kata, na aliisikia sauti, maana naye alilinyonya ziwa lile. Watu waliokuwa karibu wanasema alisimama kwanza, kama mtu anayetaka kumzuia. Kisha akatoa ufunguo, akafungua mlango, akasogea kando ampishe.

"Labeka, mama," Chande akasema, akainama, akaingia.

Godhana akaufunga mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo.

Baya alikuja mbio kutoka upande wa kokoto, anahema. "Chande yuko wapi? Nimeambiwa amekuja huku. Godhana, yuko wapi mwenzangu?"

"Ameitwa na mama yetu," Godhana akasema, akaenda kivulini kula chakula chake.