Nyasi za Bondeni kwa Ubben

Verlyn Ubben alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kufyekea nyasi, akikaza boliti ya mwisho. Mkewe, Ardith, alisimama karibu naye, ameshika kikombe cha kahawa.

"Mwisho wa mwezi kanisa zima linakuja kula hapa," alisema.

"Ndiyo maana nafyeka. Kaka yako Delmar ameniuliza mbele za watu kama trekta langu limepotelea bondeni."

Bonde hilo zamani walilima mahindi. Kila mvua kubwa iliteremsha udongo mtoni. Miaka mitatu iliyopita walifanya mkataba na serikali, wakapanda nyasi badala ya mahindi. Sasa serikali iliwalipa kila mwaka kwa kulihifadhi bonde, na malipo hayo ndiyo yaliyolipia kodi ya ardhi. Lakini huku Iowa, Marekani, mkulima husifiwa kwa shamba lililonyolewa vizuri, na Verlyn aliona aibu.

Alipowasha trekta, Lorna Tjaden aliingia uani kurudisha sinia la keki. Lorna ni jirani yao, na anafanya kazi katika ofisi ya kilimo ya kaunti.

"Unaenda wapi na hiyo, Verlyn?"

"Kulinyoa bonde ndevu."

"Zima kwanza, jirani. Umeomba ruhusa?"

"Ruhusa ya kufyeka shamba langu mwenyewe?"

"Shamba ni lako. Lakini uliahidi kuzitunza hizo nyasi. Huu mwezi wa Juni ndege wanatamia humo. Hakuna kufyeka mpaka Agosti. Ukifyeka sasa, mkataba unaweza kuvunjwa, mkadaiwa yote mliyolipwa tangu mwanzo."

Ardith alisahau kahawa yake. "Lorna, pesa hizo tumeshalipia kodi ya ardhi."

"Ndiyo maana nimesema zima."

Verlyn alizima. "Na magugu ya miiba je? Mbegu zitaruka mpaka kwako."

"Hapo umesema kweli. Magugu huondolewa pale tu yalipoota, si bonde zima. Na hata hapo mnauliza ofisini kwanza. Twende tukayaone."

Walishuka bondeni. Ghafla kware jike aliruka miguuni pa Verlyn. Chini, kati ya nyasi, palikuwa na mayai mengi yenye joto. Verlyn alivua kofia.

"Huyu naye anaishi hapa bure?"

"Bure?" Ardith alicheka. "Kodi yetu analipa nani?"

Wiki chache baadaye mtu wa ofisi alikuja, akatazama, akawaruhusu kuyang'oa magugu kwa koleo. Delmar alifika kuwacheka.

"Shemeji, trekta limekufa? Mmerudi enzi za babu?"

"Limepumzika. Koleo lako lile pale, shemeji."

Delmar alinung'unika, lakini alichimba. Walichimba mpaka jua likawa chini, na nusu ya bonde ilikuwa bado. Delmar aliinua koleo kwa gugu jingine. Verlyn akamshika mkono.

"Subiri. Wenye nyumba wanapita."

Kware alivuka mbele yao, na vifaranga nyuma yake, wadogo kama vidole gumba. Delmar alibaki na koleo hewani mpaka wa mwisho alipozama kwenye nyasi.

"Na lile gugu?" alinong'ona.

"Kesho," alisema Verlyn. "Njoo mapema, shemeji."